Wale Ng'ombe Sikuwatoa

Nilisikia ng'ombe wangu wanatoka zizini, mimi nimekaa kwenye mkeka wa msiba, mume wangu tumemzika juzi. Nikatoka mbio. Shemeji yangu, kaka wa marehemu, ameshika fimbo, anawaswaga kuelekea njia ya Nduguti.

"Shemeji, unawapeleka wapi?"

"Rudi ndani. Mjane gani anakimbia uwanjani?"

"Nakuuliza, wapi?"

"Hiyo ni mali ya dunia, shemeji. Achilia. Kwani wewe utazikwa na ng'ombe?"

Wazee wawili wa ukoo walikuwa wamekaa palepale. Mmoja akacheka. Na hao nawataja: asubuhi walikunywa uji wangu, mchana wakanyamaza.

Wale ng'ombe walianzia kwa mtamba mmoja. Nilimnunua kwa alizeti niliyolima mwenyewe, mume wangu akiwa ameshaanza kuugua kifua. Shule niliishia darasa la tatu, lakini ng'ombe nilijua kuwatunza. Tena niliwapenda kupita kiasi, nasema kweli. Kanisani mwili ulikuwa kwenye benchi, roho iko zizini. Fisi akilia mbali huko, mimi nimeshaamka.

Walipoondoka nilidhani nitakufa. Sikufa. Kina mama wa jumuiya yetu ya kanisani walikuja na mtama wao, wakapika kwangu, wakakaa mpaka nikala. Mvua ilipoanza, jirani yangu Mwislamu akaleta maksai wake akanilimia bila kuombwa. Nikaanza kumshukuru, akanikatiza: "Dada, acha maneno, lete maji, maksai wana kiu."

Kwenye zizi tupu nikapanda maboga. Samadi ile ilizaa maboga ya ajabu, nikawagawia majirani wote, mimi ambaye hata maziwa nilikuwa nawapimia watu kwa kijiko. Usingizi ukarudi. Baba Yetu nikaanza kuisali mpaka mwisho bila kufikiria malisho. Mungu alinifungua kamba ambayo sikujua imenifunga, na namshukuru kila siku. Leo ukiniletea wale ng'ombe nitakuambia wapelekee wenye watoto wadogo.

Ila shemeji ndiye mwenyekiti wa jumuiya yetu. Kila tukifundishwa habari ya kutong'ang'ania mali, ananinyooshea mkono: "Mtazameni shemeji yangu huyu. Alitoa ng'ombe wote kwa ukoo, kwa moyo mweupe!" Kina mama wananipigia vigelegele. Nainamisha kichwa, najisikia kama nimeiba sifa.

Huo moyo mweupe nilikuwa sina siku ile, shemeji. Ulikuja baadaye, polepole, na alinipa Mungu. Haukutoka kwenye fimbo yako.

Ng'ombe sidai, nimeshasema. Jumamosi jumuiya inasali nyumbani kwako, na wale wazee wawili watakuwepo. Simama mbele ya watu wale wale unaowadanganya, ujibu: nilikupa mimi, au ulichukua?