Kiti cha Baiskeli Nilichokipima Mlimani

Msinibishie. Nimewahi kushuka mlima wa Litembo kwa baiskeli huku nalia kama ndama, na siku hiyohiyo nikaupanda nimekaa raha mustarehe kama askofu.

Baiskeli moja. Mpandaji mmoja.

Nyinyi wa gia ishirini na moja na vikaptula vya kubana, mnaopiga picha kuliko mnavyopiga pedeli, tulieni mfundishwe.

Ilikuwa enzi ya Mwingereza. Chama cha wakulima wa kahawa kilitaka tarishi mwenye baiskeli. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, na jina langu lilikuwa limeshaandikwa kwa wakala wa manamba kule Songea.

Nikipata utarishi, nabaki nyumbani. Nikikosa, Jumatatu napanda lori kwenda kukata mkonge Tanga.

Baba akatoa mbuzi wawili kwa Mzungu mpima ardhi aliyekuwa anarudi kwao. Nikapata baiskeli yake ya mashindano. Usukani umepinda kama pembe za kondoo dume, kiti chembamba kama ulimi wa ng'ombe.

Tatizo, Mzungu alikuwa mkaratusi. Mimi kisiki.

Nikashusha kiti mpaka kikagota. Nikafunga vipande vya mti kwenye pedeli ili miguu ifike. Ikabaki kukilaza kiti, maana kilikuwa kimeinua pua juu.

Sasa, kwetu Litembo hata kuku hutaga akiwa ameegemea kitu. Uani kwetu palikuwa mteremko mtupu. Nikiielekeza baiskeli chini, inanikimbia. Basi nikaielekeza juu, nikaizuia kwa jiwe. Nikaweka kisahani cha maji juu ya kiti, nikalegeza nati, nikakilaza mpaka maji yakatulia. Nikakaza kwa nguvu zangu zote, spana nikairudisha nilikoiazima.

Alikuwa akipita Eusebius, Mnyasa muuza usipa, kapu la samaki kichwani. Akasimama.

"Mdogo wangu, ipeleke kwanza uwanja wa kanisa, kule kuna usawa. Hapo unapima mlima, hupimi kiti."

"We baba usipa, baiskeli umeijulia wapi? Mitumbwi yenu ina pedeli?"

Dada yangu Walburga akanikemea. "Ndivyo unavyomjibu mkubwa?"

"Mkubwa wa nini? Wa harufu?"

Eusebius akacheka, akaenda zake.

Siku ya jaribio, karani wa chama, Bwana Othmar, alitupa barua sisi wawili, mimi na Egidi. Egidi alikuwa na baiskeli nyeusi ya baba yake, nzito kama kinu. Tupeleke Mbinga, turudi na jibu. Wa kwanza kurudi ndiye tarishi.

Mteremko wa kwanza tu, nikateleza mbele. Pwaa! Juu ya bomba la fremu.

Nikarudi kitini. Pwaa!

Wanaume wenzangu mnanielewa, sina haja ya kueleza.

Wanawake waliokuwa wakilima ngoro, yale mashimo yetu ya mlimani, wakasimamisha majembe.

"Tadea, njoo uone! Mtu anajifungua juu ya baiskeli!"

Niliingia Mbinga kwa kusukuma, nachechemea, miguu imeachana. Egidi keshapewa jibu, ametulia anakunywa togwa.

"Pole, manamba," akaniambia.

Nikachukua jibu, tukaanza kurudi. Kurudi ni kupanda.

Nikakaa kitini nikisubiri kuumia. Kimya. Kiti kimelala sawasawa! Kadiri mlima ulivyosimama, ndivyo nilivyozidi kustarehe. Ungeniwekea sahani ya mchuzi mapajani, tone lisingemwagika.

Mlima wa pili nikamkuta Egidi anasukuma kinu chake, ulimi nje.

"Egidi, unaisukuma au inakusukuma?"

Nikafika wa kwanza. Bwana Othmar akaandika jina langu, akanipa kofia.

"Hongera. Kesho unakwenda kituo chako, Mbamba Bay."

"Ziwani? Si hapa?"

"Hapa tunaitana kwa sauti. Tarishi anatakiwa ufukweni, kwenye tambarare."

Wiki tatu niliendesha nimesimama, kama jogoo juu ya uzio. Nikithubutu kukaa tu, pwaa! Magoti yakavimba. Bwana mkubwa wa kituo akaanza kuuliza kwa nini barua zinachelewa, na lori la manamba bado lilikuwa linapita.

Spana, nikaulizia. Nikaelekezwa nyumba moja. Nani anatoka? Eusebius.

Kumbe kila wapima ardhi walipopiga kambi ziwani, yeye ndiye aliyetengeneza baiskeli zao. Yangu ikiwemo.

Hakunicheka. Aliisimamisha kwenye mchanga mgumu, akalegeza nati, akakilaza kiti kwa jicho tu, akakaza.

"Kaa."

Nikakaa. Sikuteleza. Nikamsimulia jaribio lote, mimi na Egidi. Nilitamani ardhi inimeze.

"Mjomba, unisamehe. Lakini mbona siku ile hukunishika ukanilazimisha?"

Akanitazama kama mtu anavyotazama samaki aliyeoza.

"Ungenisikiliza, mlimani kiti kingekuinulia pua, na Egidi angekutangulia kushuka na kupanda. Ujinga wako ndio uliokupa kazi. Sasa usiufanye ndio elimu yako."

Funzo, ndugu zangu: kabla hujapima kitu, tazama kwanza umesimama wapi.

Nami siku hizi nikiona kijana mjuaji anakaza nati mlimani, simwambii kitu. Navuta kigoda, nakaa, nasubiri ashuke.