Walileta ukurasa mmoja wa makala barazani, mama yangu akageuka mgeni kwenye malisho yake

Wakuu, habari zenu. Wakubwa wangu shikamooni. Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo uandishi wangu mtauvumilia. Ila siongezi wala sipunguzi.

Mama yangu alisimama mbele ya baraza la ardhi, akaambiwa, "Mama, taja jina la eneo unalodai."

Akanyamaza. Akaulizwa tena. Akaangalia chini, anasokota pindo la shuka lake.

Zakaria, tunayegombania naye ardhi, akacheka. "Mtu hajui hata jina la mahali, halafu anasema ni kwake!"

Kisha akatoa karatasi moja ya Kiingereza, akaitafsiri: wanawake waliohojiwa hawakuweza kutaja jina la eneo wanalodai. "Kaandika msomi wa chuo kikuu, huyo," akamalizia.

Hapo tulikwisha.

Ngoja nirudi nyuma.

Sisi ni wafugaji, Balangdalalu, Hanang. Malisho yetu yanaitwa kwa jina la babu mzaa baba, Gidamur. Sasa kwetu mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe wake. Hata mzee awe ameshakufa. Mama hajalitamka tangu siku aliyoolewa, wala hatalitamka.

Miaka kadhaa nyuma alikuja mtafiti, Edna, anasomea udokta wa sayansi ya siasa. Alikuwa anauliza nani huwa anaamua malisho yawe mashamba. Mimi nikawa mkalimani, maana Kiswahili cha mama ni cha kuombea maji tu.

Akauliza jina la eneo. Mama akasema, "Ni pale tunapolisha."

"Jina lake?"

Mama akanigeukia. "Mwambie wewe."

Edna akanizuia. "Kaka, acha ajibu mwenyewe."

Nami nikanyamaza. Niwe mkweli, niliona aibu. Nilidhani msomi atatuona washamba.

Wakati anapanda bodaboda kuondoka ndipo nikamwambia sababu. Akatoa daftari haraka. "Ungesema mapema kaka! Hili nitaliandika." Nikaridhika. Makala yenyewe sikuwahi kuiona.

Sasa Zakaria, mkulima mkubwa hapa kwetu, akayataka yale malisho, tukafikishana barazani. Siku ile mama aliponyamaza niliinuka nikaeleza hiyo mila. Zakaria akadakia, "Hadithi umeitunga jana. Ingekuwa kweli, msomi si angeiandika?"

Mwenyekiti akanipa wiki mbili nilete uthibitisho.

Nikaenda stationery Katesh. Kijana akaipata makala mtandaoni, aka-print ukurasa mmoja, juu umeandikwa Abstract. Nikamuuliza, "Ndiyo yote?" Akasema, "Mzee, ndiyo hiyo." Nikaiweka kwenye faili la plastiki nikaikumbatia njia nzima. Nilidhani Abstract ndilo jina la makala, wakuu. Chekeni tu.

Edna nilimtumia meseji tatu. Tiki za bluu zikaja, jibu hakuna.

Siku ya baraza mwenyekiti akaisoma, akaigeuza nyuma, kweupe. "Mzee, hapa hakuna ulichosema." Uamuzi ukaenda kwa Zakaria, mama akaandikwa ni mgeni pale.

Siku ya tatu yake nikapanda Mbulu kwa Mwalimu Halima, anayemfundisha mpwa wangu Uraia. Mtu wa Tanga, chuoni alisoma hayohayo ya siasa. Akanipa shikamoo, akatazama faili langu, akatikisa kichwa. "Baba, huu ni muhtasari. Makala yenyewe hujaileta."

Akaomba ule ukurasa wa Zakaria, nilikuwa na kopi. Akaweka ukucha juu ya ile sentensi ya mama. Mwishoni mwake kuna kinamba kidogo sana, kimening'inia juu. Mimi nilidhani uchafu wa printer.

"Hiki kinakuambia nenda nyuma ukasome maelezo," akasema.

Kule makala ilikochapishwa imefungwa, mpaka ulipie kwa kadi ya benki. Mwalimu akakitafuta kichwa chote cha makala mtandaoni kwa simu yake, ndani ya alama za kunukuu, akafungua nakala nyingine zinazopatikana, akaikuta kwenye maktaba ya mtandaoni ya chuo cha Edna. PDF, bure. Chai yangu ilikuwa bado ya moto.

Yale maelezo yalikuwepo nyuma kabisa, herufi ndogo kama chawa. Mama hakutaja kwa sababu ni jina la baba mkwe wake. Yote niliyosema pale kwenye bodaboda.

Mwalimu anasema rufaa ipo. Mama anasema hatasimama tena mbele ya watu wanaomwita mgeni. Na trekta limeshapita pale.

Ninyi mnaosoma vyuo, mkitafuta makala msiishie Abstract. Ikifungwa, tafuteni maktaba ya chuo cha mwandishi, ulizeni mwalimu. Na vinamba vile vifuateni. Mimi wiki mbili zangu nilizimaliza na karatasi moja, na siku ya mahojiano mdomo ninao nikaufunga. Hilo nitakufa nalo.

Aliyepitia kama haya aseme. Anayejua rufaa ya namna hii inaandikwaje, naomba anielekeze.

Zakaria, mpwa wako aliifungua makala nzima kwa password ya chuo, ameshawaambia watu kilabuni. Kurasa nyingine ulizipeleka wapi?

Na wewe Dokta Edna, najua humu unapita. Njoo Balangdalalu, uketi mbele ya mama, umweleze kwa nini habari zake ziliwekwa mahali Zakaria anafika na yeye hafiki. Mimi nitatafsiri. Safari hii sitanyamaza.