Mkasi na Sauti ya Jikoni

Shemeji yangu, mke wa kaka, ana wazee wengi kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumpa mkono. Ni washairi, waandishi wa riwaya, wanahistoria, na mama mmoja aliyefundisha falsafa mpaka macho yakamwisha. Anajua yupi humeza mate kabla ya kusema uongo mdogo, yupi hucheka kwa pua, yupi akimtaja marehemu mama yake hugusa kifungo cha shati. Kazi yake ni kuhariri filamu za maisha yao. Wapiga picha huenda majumbani mwa wazee wakarudi na mazungumzo ya siku nyingi, naye hujifungia nayo, akakata na kuunga, mpaka maisha ya mtu yaenee ndani ya saa moja na kitu. Ndiyo maana tunamwita Mkasi. Hata mama mkwe wake humwita hivyo, tena kwa majivuno.

Chumba chake kiko juu ya duka la magodoro. Kuta amezipigilia mablanketi makuukuu ili mwangwi usimsumbue. Ana skrini mbili, spika mbili, na feni ambayo lazima aizime kila anapotaka kusikiliza, kwa hiyo siku nzima anatoka jasho. Mchana kaka humpelekea chakula mwenyewe.

"Leo uko na nani?" humuuliza akiwa bado mlangoni.

"Na yule mshairi wa meno ya bandia."

"Msalimie. Mwambie mwenye mke yupo na ana njaa."

Ana sheria moja tu: haendi nyumbani kwa mtu atakayemhariri. "Nikishakunywa chai yake nitaona haya kumkata," husema. Wenzake hudhani ni ukavu wa moyo. Mimi ninayemwandikia maneno ya msimulizi wa filamu hizo nimekaa naye chumba kimoja miaka mingi, na nimemwona akiagana na wazee wake kila jioni, mmoja mmoja, kabla ya kuzima mashine. "Lala salama, baba. Kesho tutamalizia ule ugomvi wako na mchapishaji."

Ukavu wa moyo anaujua kwa njia nyingine. Akiwa msichana aliajiriwa kwenye kituo cha redio, enzi za kukata kanda kwa wembe. Kanda mpya zilikuwa adimu, kwa hiyo za zamani zilifutwa zitumike tena. Siku moja akapewa rundo la kufuta ili warekodi matangazo ya mpira. Katika kanda mojawapo alikuwamo bibi mmoja mtunzi wa mashairi, akieleza jinsi alivyojifunza kusoma kwa kujificha nyuma ya ghala. Mkasi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamfuta, kwa sababu ndicho alichotumwa. Bibi yule alikuwa ameshakufa, na hakukuwa na mahali pengine ambapo sauti yake ilikuwa imewekwa. Habari hii ameniambia mara moja tu, na alipokuwa akinisimulia alinipa mgongo.

Ndipo akaletewa Mzee Kandambili.

Wanafunzi wake ndio waliompa jina hilo, maana alivaa kandambili hata siku aliyotunukiwa shahada ya heshima. Alikuwa mwanafalsafa. Vitabu vyake havichapwi tena. Ukivitaka utapewa fotokopi ya fotokopi, kurasa zina mawingu. Alirekodiwa sebuleni kwake msimu mzima wa mvua, na kabla filamu haijahaririwa akafariki. Alikuwa ameacha sharti moja: filamu isionyeshwe mpaka mke wake aitazame na kuikubali. Akikataa, iende kabatini. Na sauti nyingine ya mzee haikuwepo. Kanda alizorekodiwa ujanani zilikuwa zimeshafutwa, kwenye kituo kile kile cha redio.

"Huyu simpotezi," Mkasi aliniambia. Akaizima feni.

Shida ilikuwa sauti. Kipaza sauti kilibanwa kwenye shati la mzee, lakini kilinasa kila kitu: sufuria, bomba la maji, na kwa mbali mwanamke anayeongea, anaongea tu, hachoki. Mkasi akaisafisha sauti ile kama mtu anayechambua mchele. Alitoa sufuria moja moja. Mwanamke alipoongea juu ya maneno ya mzee, alichagua sentensi nyingine. Mzee aliponyamaza na mwanamke akaongea peke yake, alimtoa mwanamke na mahali pake akaweka ukimya. Fundi wa sauti huwa anarekodi ukimya wa kila chumba mwisho wa siku, watu wote wakiwa wamebana pumzi, kwa ajili ya viraka kama hivyo.

Kazi ilipokwisha, Mzee Kandambili alikuwa mzuri ajabu. Angesema jambo, anyamaze, ageuze uso pembeni taratibu kama anayetazama nje dirishani, atabasamu nusu, ndipo amalizie. Mimi nikamwandikia msimulizi: "Kabla ya kila neno, mtu huyu alishuka kisimani." Mwongozaji wa filamu, binti aliyefundishwa kazi na Mkasi mwenyewe, aliposikia mstari huo alitoka nje kupangusa machozi.

Mjane alikuja mchana, mkoba umebanwa kwapani, anahema.

"Shikamoo, Mama," tukasema.

"Marahaba. Ngazi zenu hizi mmeziweka makusudi, wajane wasifike?"

Akakalishwa kwenye kiti cha Mkasi, mbele ya skrini kabisa. Mkasi alisimama nyuma yake. Filamu ikaanza.

"Niliacha kazi ya chuo mwaka ule wa njaa," alisema mzee. Akanyamaza, akageuza uso.

"Siyo wa njaa. Wa mafuriko," alisema Mama, kwa sauti ya kawaida, palepale kwenye kiti.

"Ndiyo, wa mafuriko," akasema mzee kwenye skrini.

Mwongozaji akanitazama. Mkasi hakumtazama mtu.

"Kitabu cha kwanza nilikiandika kwa mkono, mara tatu." Kimya. Tabasamu.

"Mara zote tatu umeandika wewe?" akauliza Mama.

"Tuliandika," akasema mzee.

Ikaendelea hivyo. Kila palipochorwa shimo la ukimya, Mama alilijaza, na kila jibu la mzee likaingia mahali pake kama kifungo kwenye tundu. Kisha msimulizi akaisoma sentensi yangu ya kisima.

"Kisima gani?" Mama aligeuka. "Alikuwa ananisubiri nimalize."

Nikajishughulisha na kamba za viatu vyangu.

Taa zilipowashwa, mwongozaji alipiga magoti kando ya kiti. "Mama, unasemaje?"

"Picha ni nzuri. Na shati limenyooka, nilipiga pasi mwenyewe." Akafungua mkoba, akaufunga bila kutoa kitu. "Lakini hapana."

"Kwa nini, Mama?"

"Mimi ndiye mjane. Nyinyi mmemfanya yeye mgane. Amekaa pale kama mtu asiye na mwenyewe. Mume wangu hakumaliza sentensi peke yake hata siku moja tangu anioe, na alikuwa hataki kuimaliza peke yake. Sasa huyu wenu ni nani?"

Mwongozaji akaanza kueleza habari za kipaza sauti. Mkasi akamgusa bega kumnyamazisha.

"Mama," akauliza, "mlango wa jikoni uko wapi?"

"Pale pale anapotazama. Kwani hukujua?"

"Sikujua. Nilidhani ni dirisha."

Mama alishuka ngazi akilalamika, na Mkasi akabaki anaitazama skrini iliyozimwa. Nilitegemea alie au atukane. Alisema tu, "Namfuta mwingine, shemeji. Safari hii nimeanza na mke."

Baada ya siku chache akaivunja sheria yake, akaenda nyumbani kwa Mama. Aliniomba nimsindikize, na njia nzima alitembea kama anayekwenda kujitambulisha ukweni. Sebule ile aliijua kuliko wenyewe. Aliuona ufa wa ukutani, akauona na mto wa kiti ulioliwa pembe, akavitazama kama jamaa wa zamani. Lakini upande ambao kamera haikuwahi kuugeukia hakuujua kabisa: mlango usio na ubao, una pazia tu kwenye uzi, na nyuma yake jiko.

"Kaa," Mama alimwonyesha kiti cha marehemu. Mkasi akasita. "Kaa, hakiumi."

Mama akaingia jikoni. Tukasikia maji, kisha sufuria, kisha sauti: "Sukari unaweka?"

Mkasi aligeuza uso kuelekea pazia. Akanyamaza, akisubiri sufuria itulie apate kujibu, na midomo ikajikunja kidogo upande mmoja. Nikamwona mzee. Shingo ile ile, subira ile ile. Naye akajua kwamba nimeona.

"Shemeji," akaninong'oneza, "kile kisima chako ni sufuria."

Chai ilipoletwa aliishika kwa mikono miwili. "Mama, nimekukata. Nilidhani wewe ni kelele."

"Hata yeye kuna siku alidhani hivyo," alisema Mama. "Kunywa, itapoa."

Mkasi alirudi kwenye mablanketi yake akaanza upya. Sentensi yangu ya kisima ilikuwa ya kwanza kwenda, na sikuitetea. Mwongozaji alipendekeza Mama aje arudie maneno yake karibu na kipaza sauti, yasikike vizuri. Mama akakataa kwa simu: "Nimwitikie marehemu mimi? Nilishasema siku ile, inatosha." Basi Mkasi akaipandisha sauti ya mbali kadiri ilivyowezekana. Ikapanda pamoja na bomba, vifuniko, mikwaruzo ya kijiko, na maneno mengine yakabaki nusu.

"Watu hawatamsikia vizuri," alinung'unika mwongozaji.

"Watasogea mbele kidogo," alisema Mkasi. "Hata mzee alikuwa anasogea."

Mama alipokuja mara ya pili, alikikataa kiti cha mbele. Alivuta stuli mwenyewe, akaiweka kando ya skrini, upande ule ambao mzee huugeukia.

"Mwaka ule wa njaa," alisema mzee.

"Wa mafuriko!" ikajibu sauti jikoni, kali, juu ya kishindo cha kifuniko. Mama wa kwenye stuli alifunika mdomo. Mabega yakatikisika.

"Nilikuwa na kelele kweli," alisema.

Hakujibizana na mzee safari hii. Alimwachia kazi hiyo yule mwanamke wa jikoni, naye akawasikiliza wawili wale kama jirani anayesikiliza kupitia ukutani. Mpaka tukafika mahali ambapo Mkasi alikuwa amepatupa mara ya kwanza, kwa sababu bomba lililia mwanzo hadi mwisho. Mzee anainamisha kichwa kuelekea kamera, anashusha sauti. Maji yanamwagika jikoni. "Nilimwona mara ya kwanza maktabani," anasema. "Alikuwa na gauni la kijani. Nilifungua kitabu nikakisoma chote na sikuelewa neno. Mpaka leo sijakielewa."

Mkasi akasimamisha picha bila kuambiwa.

Mama alisema, "Hili hakuwahi kuniambia."

"Bomba lilikuwa wazi," alisema Mkasi. "Alikuwa anajua humsikii."

"Gauni lilikuwa la bluu."

"Nalitoa, Mama? Naweza kuikata sentensi ile na mtu asijue kama ilikuwepo."

Mama alimtazama, kisha akaitazama skrini, ambako mumewe alikuwa ameganda, ameanza kugeuza uso kuelekea kwenye stuli.

"Koma kabisa," alisema. "Mwachie gauni lake. Endelea, tumalize, watu wamwone."

Mkasi akaiachia picha. Mzee akamaliza kugeuka. Jikoni bomba likafungwa, na sauti ya mwanamke ikauliza: "Unasema nini huko?"