Jibu Nililompa Fundi wa Kompyuta

Kuna harufu moja ambayo hainiachi salama, harufu ya vumbi lililopata joto ndani ya kompyuta. Si ya moshi wala si ya plastiki inayoungua. Inakaribia ile ya shati lililopigwa pasi kabla halijafuliwa. Juzi ofisini kwetu mtu wa mitambo aliifungua mashine iliyogoma kuwaka, akaipuliza, na harufu ile ikanifikia mezani kwangu. Nilitoka nje nikasimama uani kama mtu aliyeitwa. Wenzangu walidhani nina mafua. Nyinyi nitawaambia ukweli.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, tukiishi Bwera, upande wa Uganda karibu na mpaka wa Kongo, mimi na mama yangu. Mama alikuwa na kibanda cha kuchapa barua na kutoa fotokopi kando ya barabara iendayo mpakani. Kila vita vilipopamba moto ng'ambo, watu walipita mbele ya kibanda wakiwa na magodoro kichwani na kuku mkononi, na katikati yao walikuwapo watoto waliokuwa wakitembea tu pamoja na umati, bila mtu wao. Mama alianza kuwaandika watoto hao. Hakuna aliyemtuma. Alimkalisha mtoto kwenye stuli, akampa andazi, kisha akamuuliza: Kwenu kuna nini? Jirani yenu ni nani? Mbwa wenu anaitwaje? Alichapa kila neno kama lilivyotoka, hata maneno ya kuchekesha.

"Mutoto anasahau mbio," aliniambia. "Tuandike leo. Kesho haiko tena."

Kavira alikuja hivyo nilipokuwa na miaka tisa, yeye akiwa na minne. Wakubwa wa mtaa walimwambia mama amtunze mpaka watu wake wapatikane, na watoto wengine wakagawiwa kwa majirani vivyo hivyo. Kavira akalala kwenye godoro langu. Alikuwa mtu wa mateke usingizini, nami nikajifunza kulala pembeni kabisa, kama nguo iliyoanikwa. Nilimfundisha kuandika jina lake, kufunga kamba za viatu na kusema uongo mdogo kuhusu nani amelamba sukari. Miaka mitatu ikapita. Akawa anamwita mama yangu Mama, na kwao hakukumbuki tena, hata kidogo.

Mimi ndiye niliyekumbuka, kwa niaba yake. Mama alipotoka kibandani, nilifungua ukurasa wake kwenye kompyuta na kuusoma kama watoto wengine wanavyosoma hadithi. Ulikuwa mfupi. *Mlango ni wa bluu. Tuko na mbuzi, jina yake Komanda, anakula sabuni. Bibi ananiita Karani juu ninapenda kubeba kalamu. Bibi anaimba akiosha miguu yangu.* Nilicheka kila nilipofika kwa Komanda. Niliujua ukurasa ule neno kwa neno.

Siku moja ya Jumanne, wakati wa likizo, mwanamke mmoja wa Butembo aliyeleta maharagwe sokoni alisimama kibandani.

"Mama, kule Rukoki, karibu na Kasese, iko mumama muzee mumoja, anatafuta mujukuu," alisema. "Mutoto mwanamuke, miaka saba sasa. Jina Kavira. Nilimwambia akuje huku Posho."

"Jumamosi," mama alimsahihisha kwa upole, kwa kuwa jina hilo la Wakongomani la siku halikumkaa masikioni kamwe.

"Ndiyo, Posho ni ile ile."

Mama alifurahi mpaka akampa yule mwanamke kalenda. Mimi niliondoka nikaenda nyuma ya kibanda. Kavira alikuwa pale, anachora nyumba chini kwa kijiti, na akaniuliza kwa nini nimenuna. Nilimwambia jua ni kali.

Kesho yake umeme ulikatika na kurudi mara tatu mfululizo, na kompyuta ikaharibika. Iliwaka vizuri mwanzoni, ikaonyesha vile vidoti vyeupe vinavyozunguka, kisha kioo kikawa cheusi na yenyewe ikaanza upya. Vidoti, giza, vidoti, giza. Mama aliizima, akaiwasha, akaiombea. Watoto wote aliowaandika walikuwa humo. Karatasi alikuwa amechapa za wale tu waliokwisha kupata watu wao.

Alhamisi tuliifunga ile mashine kwa kitenge, tukaipeleka mjini Kasese. Fundi alikuwa mwanamume mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliwasha, akatazama vidoti vikizunguka mara mbili, akafungua ubavu wa mashine. Vumbi lililolala humo lilikuwa nene kama manyoya ya paka. Akalipuliza, na ile harufu ikajaa dukani.

"Mama, pengine ni vumbi tu," alisema. "Nipe saa moja."

Kwa neno hilo mama alipata moyo. Akaniambia nikae nichunge mashine, yeye akaenda kutafuta karatasi na wino.

Fundi alichomoa vipande vya memori, akavisugua meno yake ya shaba kwa ufutio wa penseli, polepole, kama anamsafisha mtoto masikio. Akavirudisha. Akawasha. Vidoti, giza. Akajaribu kuirekebisha Windows kwa flashi yake, akangoja, ikakataa. Mwishowe akavua miwani.

"Hard disk iko mzima," aliniambia. "Windows ndiyo imeharibika. Naweza kupiga mpya, lakini hiyo inafuta vitu vyote. Kama iko kitu ndani ya maana, natoa kwanza, naweka pembeni. Iko kitu?"

Nataka mjue kwamba alinipa nafasi. Hakuniharakisha. Aliishika ile flashi mkononi, akanitazama, akasubiri.

"Hakuna," nikasema. "Ni michezo tu."

"Kweli?"

"Kweli."

Mama aliporudi, kompyuta ilikuwa inang'aa, na kwenye kioo palikuwa na picha ya mlima wa nchi nisiyoijua. Alipiga makofi. Akaketi, akatafuta folda ya watoto. Akatafuta tena. Niliona mabega yake yakipanda.

"Fundi, vitu vyangu viko wapi?"

"Mtoto alisema hakuna kitu, mama. Nilimuuliza."

Mama alinigeukia. Sijui uso wangu ulikuwaje, ila alichokiona yeye ni hofu, na hofu akaielewa vibaya.

"Yeye hakujua," alimwambia fundi. "Usimlaumu. Kosa ni langu, nimeondoka bila kukuambia."

Fundi aliweka programu ya kutafuta vilivyofutwa, akahangaika nayo mpaka alasiri bila kula. Vilirudi vipande vipande, na tulipovifungua tukaona viboksi na alama za kuuliza, ukurasa baada ya ukurasa. Mama alivisoma vile viboksi kwa muda mrefu, kana kwamba angevizoea vingeanza kusema. Ndani ya teksi ya kurudi alinishika mkono njia nzima. Alidhani ananifariji.

Jumamosi bibi alikuja. Alikuwa mwembamba, miguu imevimba, kanga yake imefungwa kwa heshima ya mtu aendaye kanisani. Kavira alipomwona alijificha nyuma yangu, akanishika gauni, nami, Mungu anisamehe, nikajisikia mshindi.

Mama alikuwa na sababu ya kuwa mwangalifu. Mwaka uliotangulia alikuja mwanamume akidai mtoto fulani ni wa dada yake, na ukurasa wa mtoto yule ndio uliomuumbua. Safari hii hakuwa na ukurasa. Alimwomba bibi aeleze kwao.

"Nyumba yetu ilikuwa na mulango ya bluu," bibi alisema.

Mama akatikisa kichwa taratibu. Watoto waliomtajia mlango wa bluu walikuwa wengi, nchi ile inapenda rangi hiyo.

"Tulikuwa na mbuzi. Tulimuita Komanda. Akionaga sabuni, hata ungemupiga, anakula."

Mama alikunja uso akitafuta. Aliandika watoto wengi mno, mbuzi kwa mbuzi, mbwa kwa mbwa, na wakati huo vyote vilikuwa vimechanganyika kichwani mwake. Katika uwanja ule ni mtu mmoja tu aliyejua kwamba bibi anasema kweli. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, nikitazama siafu.

"Mama, unisamehe," mama yangu alisema. "Bila alama siwezi kumutoa mutoto. Nitaendelea kutafuta."

"Ni vizuri," bibi alijibu. "Hata mimi nisingependa umupe mutu tu." Kisha akaomba ruhusa ya kukaa kidogo. Akachukua kisu, akatumenyea mihogo yote ya siku hiyo, macho yake yakimfuata Kavira kila alikokwenda.

Alikuja Jumamosi iliyofuata. Akaja tena ile ya tatu. Hakumgusa mtoto wala hakumwita. Alimenya, alichambua maharagwe, akaondoka. Mimi nilianza kukosa usingizi, na chakula kikawa kinanikwama. Mama akaninunulia dawa ya minyoo.

Jumamosi ya nne mvua ilinyesha tangu asubuhi, na tulidhani hatakuja. Alikuja amelowa, na ndani ya kanga amebeba maparachichi mawili. Dogo alimpa Kavira. Kubwa akaniwekea mimi mkononi.

"Wewe ndiye unamulindaga," alisema. "Nimeona. Aksanti, mutoto wangu."

Niliingia jikoni nikiwa na lile parachichi, nikamkuta mama anapuliza moto. Nikasema yote kwa mara moja, bila kupumua: kwamba nilijua, kwamba fundi aliniuliza mara mbili, kwamba Komanda ni kweli. Mama hakuinuka. Moto ukazimika mbele yake, hakuupuliza tena.

"Ni nini kingine kilikuwa kwenye ukurasa?" aliuliza mwishowe. "Kitu ambacho bibi hajakisema."

Nikamtajia. Alitoka nje nami nikamfuata hadi mlangoni.

"Mama," alimwambia bibi, "nyumbani mulikuwa munamuita huyu mutoto jina gani? Si Kavira. Lile la mchezo."

Bibi aliacha kisu. "Karani," alisema. "Nilimuita Karani. Kila saa na kalamu ya baba yake."

"Na ulipomuosha miguu?"

Bibi alianza kuimba, sauti ndogo ya mtu aliyechoka, na Kavira, aliyekuwa amekaa kizingitini anakula parachichi, akageuza kichwa. Sitasema kwamba alikumbuka. Aligeuza kichwa tu, akaacha kutafuna, na akabaki hivyo mpaka wimbo ulipokwisha.

Kavira aliondoka na bibi yake juma lililofuata, baada ya wakubwa wa mtaa kuandika karatasi zao. Alilia akinishika, nami nikalia, na sikuwa na haki ya kufarijiwa na mtu yeyote.

Mama hakunipiga. Nilingoja kiboko siku nyingi. Badala yake, Jumatatu alinipa daftari na kalamu, akasema twende. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kile ambacho kichwa changu cha miaka kumi na miwili kilikuwa hakijafikiria. Nilipomwambia fundi "hakuna," nilikuwa nawaza ukurasa mmoja. Lakini folda ile ilikuwa na watoto wengine ishirini na watatu, na kurasa zao sikuwahi kuzisoma, kwa sababu hawakulala kwenye godoro langu.

Tulizunguka nyumba kwa nyumba, Bwera yote, na juu milimani hadi Mahango. Kila mlango mama alianza kwa maneno yale yale: kompyuta imeharibika, kosa ni langu, sikumwambia fundi. Hakunitaja hata mara moja. Wakati ule nilidhani anadanganya ili kunificha. Sasa mimi pia ni mama, na ninajua hakuwa anadanganya. Aliamini kweli kwamba mtu mzima ndiye aliyepaswa kubaki pale dukani, na aliubeba mzigo huo mpaka alipofariki. Nilijaribu kumwondolea, hakukubali.

Watoto wakubwa kidogo walikumbuka mambo mawili matatu. Wadogo hawakukumbuka kitu. Nyumba ya mwisho siku ile ya kwanza ilikuwa na msichana aitwaye Katungu, wa miaka minane. Mama alimkalisha, akampa andazi, akamuuliza kwao kulikuwa na nini. Katungu alifikiri sana. Alitazama juu, alitazama mikono yake. Nilikuwa nimefungua daftari, kalamu iko tayari.

Kisha akamtazama mama kwa matumaini, kama mwanafunzi anayeomba asaidiwe kidogo.

"Mama," alisema, "ile siku nilikuambiaga nini?"