Skuta Yangu Ilivyoota Ufizi

Kama kuna mtu mwingine ambaye skuta yake imewahi kuota ufizi, ajitokeze tufarijiane. Mpaka leo najiona niko peke yangu.

Ufizi kabisa. Wa rangi ya waridi, kwenye tundu la ufunguo. Na aliyeuotesha ni mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, nikiwa na akili zangu timamu. Au ndivyo nilivyodhani.

Tulieni niwape mkasa mzima.

Kazi yangu ni kutengeneza meno ya bandia. Si daktari mimi, daktari yuko chumba cha mbele na koti lake jeupe. Mimi ni yule wa chumba cha nyuma, mwenye vumbi la plasta mpaka kwenye kope. Mtaani wananiita Gego, na nimeshazoea.

Watu niliowatengenezea meno hawahesabiki. Mwalimu mkuu, mahakimu wawili, bibi harusi mmoja aliyeteleza bafuni siku mbili kabla ya shughuli. Ila mama yangu mzazi alikaa kibogoyo miaka sita, mimi nikimwambia, "Mwezi ujao, mama."

Naye anajibu, "Wateja kwanza, mwanangu," kisha anauvuta mtandio wake mpaka puani.

Miaka sita sikumwona mama yangu akicheka. Nilikuwa namsikia tu, chini ya kitambaa.

Halafu ikaja habari kwamba dada yake, mama mkubwa, anakuja Jumamosi. Hawajaonana miaka kumi na moja.

Mama akaniita, akanikalisha.

"Gego," akasema, maana hata yeye siku hizi ananiita hivyo, "sitampokea dada yangu nimejiziba mdomo. Bora nijifanye nimesafiri."

Ile kauli ilinichoma. Nikajifungia karakana, nikayashughulikia meno yale jino moja moja. Jumatano mchana yakawa tayari. Nikayatia kwenye kikopo chenye maji, nikakiweka chini ya kiti cha skuta, nikafunga kiti, nikarudi kumalizia kazi za wengine.

Sasa tuizungumzie hiyo skuta.

Nyekundu, mpya, miezi miwili tu tangu itoke dukani. Nilijinyima miaka mitatu kuipata. Asubuhi nilikuwa namfuta yeye kwanza, halafu ndio nanawa uso. Mama alikuwa anasema nikija kuoa, huyo binti ajue anaingia kwa uke wenza.

Jumatano jioni natoka kazini, naingiza mkono mfukoni.

Ufunguo hamna.

Mfuko mwingine, hamna. Nikapekua droo, nikapekua pipa la taka, nikavua viatu. Ufunguo wenyewe ulikuwa mdogo, nimeufunga uzi mwekundu ili nisiupoteze.

Najua mnachotaka kuuliza. Ndiyo, wa akiba ninao. Niliuficha mahali salama kuliko pote. Chini ya kiti cha skuta.

Nikaisukuma mpaka nyumbani, jasho linanitoka. Mama alikuwa mlangoni ananisubiri.

"Meno yako wapi?"

"Yamo humu, chini ya kiti."

"Fungua basi."

"Ufunguo umepotea."

Akaiangalia skuta. Akaniangalia mimi.

"Basi vunja."

"Mama! Ina miezi miwili!"

Hakubishana. Alisema "haya" moja tu, ya chini, akaingia ndani. Mtu mwenye masikio angeisikia vizuri ile "haya". Mimi masikio yangu yalikuwa kwenye skuta.

Maana kichwani mwangu lilikuwa limeshaingia jambo lingine. Kuna mtu huko nje ana ufunguo wangu. Ameuokota, ameutia mfukoni, anangoja nigeuze shingo.

Nikanunua mnyororo. Nikaifunga skuta kwenye nondo za dirisha la chumba cha mama, nikatia kufuli, ufunguo wa kufuli nikauvaa shingoni.

Nikarudi nyuma hatua tatu, nikatazama. Haikutosha.

Nikang'oa gurudumu la mbele, nikalala nalo chumbani.

Asubuhi ya Alhamisi mama akataka kufungua dirisha lake apate hewa. Halikufunguka, mnyororo umelibana. Akaniita, nikamwambia avumilie kidogo, ni mambo ya usalama.

Jirani yetu mshona nguo akaniona nazunguka skuta na tochi mchana kweupe.

"Si uende kwa fundi funguo? Nusu saa tu anakuchongea mwingine."

"Halafu abaki na nakala?"

"Yule mzee yuko pale miaka thelathini!"

"Ndio nasema. Miaka thelathini ya nakala."

Akatikisa kichwa, akarudi kwenye cherehani yake.

Nikaona nitumie akili. Nikaandika kwenye kundi la simu la mtaa: *Umepotea ufunguo wa skuta nyekundu iliyo dirishani kwa mama yangu. Kwa sasa haina ufunguo. Atakayeuona alete.*

Soma tena tangazo hilo, uniambie kama aliyeandika ni mzima.

Kabla ya adhuhuri kulikuwa na foleni. Kumbe kila nyumba ina kopo la funguo zisizojulikana zinafungua nini, na wote walikuwa wanatafuta pa kuzijaribia. Mshona nguo alileta kumi na nne. Kinyozi alileta ufunguo wa kabati la marehemu babu yake. Mama mmoja nisiyemfahamu kabisa alikuja na wa jokofu.

"Huo si wa skuta," nikamwambia.

"Wewe umejaribu?"

Ikabidi nijaribu.

Walipoondoka nikakaa chini nikawaza. Jana nilikuwa na hofu na mtu mmoja asiyejulikana. Leo mtaa mzima umeshaingiza kitu kwenye tundu la skuta yangu, na wote wanajua haina ufunguo.

Mama alikuwa ananichungulia kupitia nondo.

"Kesho kutwa dada anaingia saa nne asubuhi," akasema.

"Najua, mama. Naifanyia kazi."

Na kweli niliifanyia kazi. Hapa ndipo ufizi unapoingia.

Katika fani yetu tuna dawa moja ya waridi, ndiyo tunayotengenezea ufizi wa bandia. Unga wake unachanganya na maji yake, inakuwa uji, na dakika kumi baadaye nyundo ndiyo itaongea nayo. Nikawaza: mimi kila siku nachukua umbo la midomo ya watu. Tundu la ufunguo si mdomo tu? Nikimimina uji humo, utashika kila kona, nauvuta, nimepata ufunguo. Hakuna fundi, hakuna nakala.

Jamani, nilijipongeza. Nilijiona msomi.

Ijumaa asubuhi, kabla ya kazi, nikamimina. Nikachomeka kiwaya kiwe mpini. Nikasubiri dakika kumi nikipiga mluzi.

Nikavuta. Kimya.

Nikavuta kwa miguu miwili ukutani. Kiwaya kikachomoka, nikaangukia ndoo. Tundu lilikuwa limejaa pomoni, limesawazika, linang'aa, ufizi mzuri kuliko niliowahi kumtengenezea mteja.

Nilikwenda kazini sina hata hamu ya kusalimia.

Saa tisa alasiri, bosi wangu alikuwa anasaga kitako cha sanamu ya plasta, ile tunayopimia meno. Ilikuwa taya ya muuza nyama mmoja, niliimimina mimi Jumatano. Mara akazima mashine.

"Gego, hebu njoo. Taya ya huyu bwana ina mshipa."

Nikasogea. Katikati ya plasta nyeupe ulikuwa umejitokeza uzi mwekundu.

Nikachukua nyundo, nikaipasua taya ya muuza nyama mbele ya bosi wangu. Ufunguo ukadondoka mezani, mweupe pee.

Jumatano niliinama juu ya bakuli la plasta nao uko mfuko wa kifuani, ukatumbukia. Hakukuwa na mwizi. Hakukuwa na mtu nje. Siku zote hizo ulikuwa mdomoni mwa muuza nyama.

Nilikimbia. Vumbi lote mwilini, aproni inapepea, nacheka peke yangu barabarani kama mwehu. Nikafika dirishani kwa mama, nikaunyoosha ule ufunguo kwenye tundu.

Tundu lina ufizi.

Mama akatokea dirishani. "Umeupata?"

"Nimeupata."

"Fungua basi."

"Hauingii."

"Kwa nini hauingii?"

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo skuta yako ina ufizi," akasema, "na ndani ina meno. Mimi ndio sina."

Nilitamani ardhi ipasuke. Na bado, wasomaji wangu, na bado nikamwambia kesho asubuhi naenda karakana kuchukua kile kikeke chetu kidogo cha kuchongea meno, niutoboe ufizi taratibu, nisije nikakwaruza rangi.

Mama akasema tena, "Haya."

Jumamosi saa moja nilikuwa karakana. Saa tatu kasoro nikarudi na kikeke changu mkononi.

Skuta haipo.

Mnyororo haupo. Kufuli haipo. Na sijamaliza: nondo za dirisha nazo hazipo. Dirisha lilikuwa wazi, pazia linapepea.

Nikaingia ndani nikaita, "Mama!" Kimya. Jikoni hayupo, chumbani hayupo. Gurudumu langu liko pale pale nilipoliacha.

Kituo kidogo cha polisi kiko mwisho wa mtaa. Niliingia nikihema. Mezani alikuwepo askari wa kike, mtu mzima, na daftari kubwa.

"Nimeibiwa!"

"Umeibiwa nini?"

"Skuta. Nyekundu. Ina gurudumu moja."

Akanitazama. "Imeondokaje?"

"Sijui."

Akaandika. "Kingine?"

"Nondo za dirisha."

"Kingine?"

"Meno."

Kalamu ikasimama. "Meno ya nani?"

"Ya mama yangu."

"Na mama mwenyewe yuko wapi?"

"Ndio nasema, afande, na yeye hayupo."

Akaweka kalamu chini polepole. Akavua miwani.

"Kijana. Umekuja mbio. Umenitajia skuta, umenitajia dirisha, umenitajia meno. Mama yako mzazi nimekuuliza mimi."

Niliangalia kile kikeke mkononi mwangu, nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona toka nizaliwe.

Akavaa miwani tena, sasa sauti imelainika. "Haya, tumtafute. Ana alama gani ya kumtambulisha?"

"Ni mfupi, ana mtandio wa kijani." "Na hana meno hata moja."

Akaandika: hana meno.

Wakati huo nje barabarani kulikuwa na kelele. Mkokoteni ulikuwa unapita taratibu, umebeba mzigo wa ajabu, na nyuma yake wanawake wawili wanatembea wameshikana mikono. Mmoja alikuwa amerudisha kichwa nyuma anacheka, mdomo wote wazi, mpaka watu wa upande wa pili wanageuka.

Askari akachungulia. "Yule ana mtandio wa kijani."

Nikatazama. "Siye, afande. Yule ana meno."

Kisha nikaangalia tena. Jino la mbele la kushoto limelalia kidogo mwenzake. Hiyo ni kazi yangu, niliyalaza hivyo makusudi yafanane na ya kwenye picha yake ya ujana.

Nilitambua meno kabla ya kumtambua mama yangu.

Nikatoka nje mbio. Juu ya mkokoteni ilikuwa imelala skuta, bado imefungwa kwenye nondo za dirisha kwa mnyororo ule ule na kufuli ile ile, na juu yake begi la mama mkubwa. Kiti cha skuta mama alikikumbatia kifuani.

"Mama! Umefanyaje?"

"Nilimwita fundi wa kuchomelea, yule aliyetuwekea nondo. Akazifungua kama alivyozifunga. Kiti nacho kinashikiliwa na nati mbili huku nyuma, zilikuwa zimebanwa na nondo, unaziona? Spana namba kumi. Hata mashine yake hakuiwasha." Akapumua. "Tukaibeba na skuta yenyewe isije ikaibiwa, tukapitia kituo cha mabasi kumchukua dada, basi lake liliwahi."

"Na hukuniambia?"

"Siku tatu nimekuachia ulinde skuta yako. Leo nikaona niende mwenyewe nikachukue meno yangu."

Alisema hivyo bila kuziba mdomo, halafu akacheka. Kicheko kile nilikuwa nimekisahau kilivyo. Nililia pale pale mbele ya kituo cha polisi, na sioni haya kuliandika hilo. Mama mkubwa akamnong'oneza, "Huyu ndiye fundi mwenyewe?" Mama akamjibu, "Ndiye, muache kwanza."

Askari alikuwa amesimama mlangoni na daftari lake. Akachana ukurasa, akanipa.

Skuta hiyo naiendesha hadi leo, ufizi niliutoboa kwa kikeke. Kiti nimekifunga kwa mpira wa baiskeli, mtoto wa miaka mitano anaweza kukifungua. Inashinda nje, na hakuna aliyewahi kuigusa.

Nilichojifunza ni hiki. Ukipoteza ufunguo, kabla hujakimbilia mnyororo, jiulize ndani kumefungiwa nini na nani anakisubiri. Ukishajua, tafuta spana. Mikwaruzo inapakwa rangi.

Na kama una mama, na kuna kitu unamwahidi mwezi ujao kila mwezi, acha kusoma. Inuka uende.