Ukuta Wenye Sura ya Laetitia

Ziwa lilipopanda halikuuliza nyumba ni ya nani. Lilikula bistro za pombe ambazo kuta zake alichora Laetitia, likakula na saluni aliyoipamba vichwa vya wanawake waliosukwa. Laetitia mwenyewe alikuwa amekwisha kufa, homa ya siku chache tu, amezikwa na rangi kwenye kucha. Katika Kalemie yote ikabaki kazi yake moja: ukuta wa sebuleni kwa Mama Rosalie, muuza ndagala, samaki wadogo wa ziwani, rafiki yake tangu shule ya musingi. Aliuchora moja kwa moja juu ya matofali, kwa rangi iliyobaki ya mitumbwi: wanawake wawili wanaanika ndagala kwenye muchanga. Mumoja ni Rosalie, kinywa wazi kama kawaida. Mwingine ni Laetitia, anamucheka.

Maji yalipogusa kizingiti, Rosalie akafanya kama jirani zake: akabomoa nyumba, apandishe matofali mulimani, ajenge upya. Ya picha akayaandika namba nyuma kwa kipande cha makaa, mukono wake mwenyewe. Kisha mvua ikanyesha juu ya fungu la matofali, naye yuko sokoni.

Aliporudi mulimani, Bertin, fundi aliyemuachia kazi ya kujenga, alikuwa amefikisha ukuta kifuani. Mukia wa samaki umeota kwenye shingo ya Laetitia. Uso wa Rosalie uko chini kabisa, unatafuna kisigino.

"Papa Bertin, hii njo nini?"

"Ukuta, Mama. Angalia ulivyonyooka!"

"Umenyooka, ndiyo. Ila rafiki yangu umemugeuza samaki, mukebuka."

"Namba zilifutika, Mama. Nikasema, rangi ni rangi."

"Na bibi yako nikimuwekea kichwa magotini, utasema bibi ni bibi?"

Bertin akacheka. Kisha akaona macho ya Rosalie, akaacha.

"Udongo ungali mubichi," akasema polepole. "Tunaweza kubomoa."

"Bomoa basi, kabla haujakauka."

Wakayatandaza matofali chini. Rosalie akapiga magoti, na mikono yake ikaanza kukumbuka. Laetitia alikuwa wa mukono wa kushoto, burashi yake iliinamia huku. Bluu ya kikwembe, kile kitenge cha pichani, ilimuishia katikati, akaendelea na kijani, na Rosalie alipomugombeza akajibu, "Ndagala hawachagui kikwembe." Basi bluu hapa, kijani pale. Jirani walipita, wakatoa mashauri, wakafukuzwa.

Jua lilipoinama, picha ilikuwa imelala chini nzima, isipokuwa tundu moja. Tofali la uso wa Rosalie lilikuwa limepasuka chini ya mwiko wa Bertin wakati wa kubomoa.

Bertin akavua kofia. "Pole, Mama. Nitatafuta muchoraji akuchore upya."

"Amuchore nani? Sura hii naitembeza sokoni kila siku, nani haijui? Weka tofali tupu."

Akaokota lile lenye Laetitia anayecheka, akalipangusa udongo kwa pindo la kikwembe, akamupa Bertin kwa mikono miwili.

"Huyu njo usimuangushe."