Mikono ya Bondia

Mdogo wangu wa kiume alikuwa bondia hapa Cheyo, na mimi ndiye niliyemfulia bendeji za mikono kila Jumapili baada ya misa. Majirani hawakuchoka kuniuliza: mtu anayepiga wenzake ulingoni, nyumbani anakaaje? Mimi ndiye niliyechoka kujibu. Anakaa anachambua mchele, nyie mlitaka akaeje?

Jumapili moja binti yangu wa miaka sita alimwaga maziwa ya chai. Nilimzaba kofi, akaanguka mlangoni. Hakulia. Mimi nami sikusikia kitu moyoni, si hasira wala huruma. Nilichukua tambara nikaanza kufuta sakafu.

Mdogo wangu alimwinua mtoto, akampakata. Nje, bendeji zake zilikuwa bado mbichi kwenye kamba.

"Dada," akaniuliza, "mkono umekuuma?"

"Haujaniuma."

Akavitazama vifundo vya vidole vyake vilivyovimba tangu pambano la jana.

"Wangu huniuma kila ninapompiga mtu," akasema, "na mimi huwa nimevaa glovu."

Niliendelea kufuta. Sakafu ilikuwa imeshakauka.